Haiti Isomwe Barazani, na Isomwe kwa Kiswahili



Mwezi wa Juni, mwaka 2024, askari polisi kutoka Kenya walishuka Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, kwenda kupambana na magenge ya watu wenye silaha. Habari hiyo ilipotangazwa redioni, watu waliokuwa wamekaa barazani hapa Bagamoyo waliulizana: Haiti ni wapi, na ni watu gani hao? Mmoja alijibu kuwa ni nchi ya matetemeko. Mwingine akasema ni nchi ya majambazi. Wa tatu akasema ni nchi ya uchawi. Wala hatuwalaumu, kwa maana habari za Haiti zinazotufikia karibu zote ni za namna hiyo: tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, vimbunga, njaa na mauaji. Nchi ikijulikana kwa misiba yake tu, watu wake hugeuzwa kuwa watu wa kuhurumiwa, na mtu wa kuhurumiwa hasikilizwi.

Sisi twasema yafaa Haiti ijulikane kwa vitabu vyake. Na twasema zaidi ya hapo: vitabu hivyo visomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, katika mabaraza na matawi ya chama chetu toka Bagamoyo mpaka Saadani na Pangani, na wasikilizaji waachwe waseme wanayoyaona, hata kama maneno yao yatatugusa sisi wenyewe tunaokiongoza chama. Jambo hili si mchezo, wala si pambo la wasomi. Ni kazi ya chama kama kazi nyingine, nasi tutaeleza kwa nini.

DAMU YETU

Kwanza, watu wa Haiti si wageni kwetu. Ni Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu na kuvushwa bahari wakalime miwa na kahawa ya Wafaransa. Wengi wao walitoka Afrika ya Magharibi na nchi ya Kongo, lakini katika karne ya 18 wafanya biashara wa Kifaransa walifika kununua watu hata katika pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi wa waliouzwa namna hiyo walipelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi, lakini wako watu wa Afrika ya Mashariki waliofikishwa mpaka Haiti, wakaandikwa katika daftari za mabwana wao kwa jina la "Msumbiji".

Mwezi wa Agosti 1791 watumwa hao waliinuka. Walipigana zaidi ya miaka kumi na miwili. Toussaint Louverture, aliyezaliwa utumwani, akawa jemadari wao. Wafaransa walimkamata kwa hila wakampeleka kwao, akafa gerezani tarehe 7 Aprili 1803. Jean-Jacques Dessalines akaimaliza kazi, jeshi la Napoleon likashindwa, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikajitangaza kuwa nchi huru. Watumwa waliwashinda mabwana wao kwa vita, wakaunda dola yao. Na miaka mingi baada ya siku hiyo, misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilikuwa ingali ikishuka hapa Bagamoyo kuelekea Unguja.

Uhuru huo walitozwa bei. Mwaka 1825 mfalme wa Ufaransa alituma manowari kudai faranga milioni 150, ziwe fidia kwa waliokuwa wenye mashamba na watumwa. Mwaka 1838 dai hilo likapunguzwa hadi milioni 90. Haiti ilikopa ili ilipe, na madeni yaliyotokana na fidia hiyo hayakwisha mpaka mwaka 1947. Ndiyo kusema aliyeibiwa alimlipa mwizi zaidi ya miaka mia. Mtu anayenena kuwa Haiti ni maskini kwa sababu ya uvivu, aanze kwanza na hesabu hiyo.

Sasa tuitazame pwani yetu. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani waliwapinga Wajerumani kwa silaha, na mji wa Bagamoyo ulikuwa mmoja wa viwanja vya vita hivyo. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi mrefu, nao ukapigwa chapa mwaka 1955. Ni wangapi kati yetu wameusoma?

Lakini tukiusoma utenzi huo pamoja na habari za Haiti, swali gumu linazuka. Huko, waliopigana ni watumwa wenyewe. Hapa, Abushiri alikuwa mwenye mashamba ya miwa na watumwa wa kuyalima. Alikuwa shujaa dhidi ya mgeni, na alikuwa bwana juu ya watu. Basi, tunapolitaja neno uhuru, twasema uhuru wa nani? Na hapa hapa Bagamoyo aliishi Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtumwa, akasoma, akawa khalifa wa Kadiria mwenye wafuasi wengi, hata akafariki mwaka 1931 akiwa mtu wa heshima kuu katika mji. Kati ya Abushiri na Sheikh Ramiya, ni nani anayefanana zaidi na Toussaint? Hayo ndiyo maswali yanayofaa kuulizwa barazani. Hayaulizwi, kwa kuwa hatusomi pamoja.

LUGHA YA BWANA NA LUGHA YA WATU

Waandishi wa Haiti walikutana na shida ambayo sisi twaifahamu vizuri. Shule, mahakama na vitabu vilikuwa kwa Kifaransa, hali wananchi wanasema Kikreoli. Mwandishi aliyetaka kumtetea mkulima alimtetea kwa lugha ambayo mkulima hawezi kuisoma. Wengine walikataa. Mwaka 1953 Félix Morisseau-Leroy aliuchukua mchezo wa kale wa Kiyunani, Antigone, akauandika upya kwa Kikreoli na kuuchezesha jukwaani, ili kuonyesha kuwa lugha ya watu haishindwi na fikira yo yote. Miaka kumi baadaye, mwaka 1963, Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare kwa Kiswahili. Watu hawa wawili hawakukaa meza moja, lakini walifanya kazi moja. Mwaka 1975 Frankétienne akatoa Dézafi, riwaya iliyoandikwa kwa Kikreoli. Na katiba ya Haiti ya mwaka 1987 ndiyo iliyokifanya Kikreoli kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa, miaka 183 baada ya uhuru.

Tena iko dalili ndogo iliyotufurahisha sana. Mtambaji wa hadithi wa Haiti anapoanza huita: "Krik?" na wasikilizaji hujibu: "Krak!" Edwidge Danticat, aliyezaliwa Port-au-Prince mwaka 1969, alikipa kitabu chake cha mwaka 1995 jina hilo hilo. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa maana yake. Bibi yake huita "Paukwa!" naye hujibu "Pakawa!"

KOSA LETU

Hapa hatuna budi kuungama. Mwaka jana, sisi vijana wachache tuliopita vyuo vya ualimu tulianzisha mazungumzo ya vitabu katika tawi moja la hapa Bagamoyo. Tulikichagua kitabu cha Jacques Roumain kiitwacho Gouverneurs de la rosée, kilichotoka mwaka 1944, miezi michache baada ya mwandishi kufariki akiwa na umri wa miaka 37. Kifaransa hatukijui. Tulikuwa na tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1947. Katika maduka ya vitabu tuliyoyapitia hatukupata tafsiri ya Kiswahili.

Basi tukafanya kama tulivyofundishwa chuoni. Tulisimama mbele, tukaandika ubaoni, tukasoma kipande kwa Kiingereza, kisha tukatoa muhtasari na "mafunzo" ya kitabu. Siku ya kwanza chumba kilijaa. Wiki ya pili walirudi watu tisa. Tukamwendea mzee mmoja mvuvi, tukampa shikamoo, tukamwuliza kwa nini hakurudi. Akaitika marahaba, akasema: "Wanangu, chakula mmekula nyinyi. Sisi mmetuletea makombo."

Maneno hayo yalituuma kwa sababu yalikuwa kweli. Tulikuwa tumefanya lile lile ambalo waandishi wa Haiti walilaumiana nalo: kumsemea mwananchi kwa lugha ya bwana, kisha kumtupia tafsiri ya mwisho wa mezani. Tukaacha ubao. Wawili kati yetu walikaa usiku wakafasiri kurasa chache chache katika daftari, na jioni baada ya sala ya isha tukasoma barazani, nje, kwa Kiswahili, kwa sauti, bila ya maelezo. Kabla ya kusoma mzee yule aliita "Paukwa!", nasi sote tukaitika.

MAJI YA FONDS-ROUGE

Hadithi yenyewe ni hii. Manuel amerudi kijijini kwake Fonds-Rouge baada ya miaka kumi na mitano ya kukata miwa nchini Cuba. Anakuta ardhi imekauka kwa kuwa watu wamekata miti. Anakuta pia kijiji kimegawanyika mafungu mawili kwa ajili ya ugomvi wa urithi uliomwaga damu. Anatafuta maji mpaka anayaona. Lakini maji hayawezi kuletwa mashambani na fungu moja. Yahitaji kazi ya wote, ile kazi ya ujima ambayo wao huiita coumbite, wanaume wakilima mstari mmoja kwa ngoma na nyimbo. Manuel anachomwa kisu na mtu wa fungu la pili. Kabla ya kufa anamsihi mama yake, Délira, asimtaje aliyemwua, ili kisasi kisianze tena na maji yaje.

Ndugu zetu, hatukuhitaji kutoa mafunzo. Watu wa hapa wanajua maana ya miti iliyokatwa kwa mkaa. Wanajua habari za mto Ruvu, uliposhuka mwaka 2022 mpaka Dar es Salaam ikapewa maji kwa mgawo. Wazee wa Tanga waliokuwapo walisema coumbite ni msaragambo, wakaeleza jinsi ulivyofanywa kwao na jinsi ulivyokufa. Bibi mmoja mkulima wa mwani kutoka Mlingotini akasimama akauliza: "Kwa nini kila siku kijiji kikitaka kupatana, mwanamke ndiye anayeambiwa anyamaze? Mama huyo amefiwa na mwana, na haki pia kanyimwa." Mzee mvuvi akamjibu kwa upole: "Binti yangu, damu ikidaiwa, maji hayaji." Bibi akasema: "Na damu isipodaiwa, mwuaji atakunywa maji hayo hayo." Walibishana mpaka saa tano ya usiku, wala hakuna aliyeondoka. Sisi tuliofundishwa kufundisha tulikaa kimya, tukajifunza.

KISA CHA FEDHA ZA MAJI

Jioni ya nne likatokea jambo. Baada ya kusomwa sehemu ya kazi ya pamoja, kijana mmoja aliuliza: "Na zile fedha za maji tulizochanga mtaani, ziko wapi?" Kamati iliyozikusanya ilikuwa na watu wetu wa chama ndani yake. Mkubwa mmoja alikasirika. Alituita pembeni akasema kuwa tunachochea watu, kuwa hadithi za nje zimeleta fitina, na kuwa usomaji ukome.

Hatukuukomesha. Tulimwomba asome hesabu hadharani, na wiki iliyofuata hesabu zikasomwa. Ilionekana fedha ziko, ila risiti mbili zilipotea. Jambo lililokuwa dogo lilikuwa limekuzwa na ukimya. Baada ya hapo watu wawili waliokuwa wamekataa kuchanga walichanga. Hatudai kuwa hadithi ya Haiti ilichimba kisima. Twasema iliwapa watu mahali pa kuuliza, na kiongozi mahali pa kujibu. Chama kisichokuwa na mahali hapo hujidanganya kuwa kinapendwa.

Na hapa Haiti inatupa onyo ambalo gazeti la chama lisipolisema litakuwa limeficha nusu ya habari. Mwaka 1938 palianzishwa Haiti jarida la kuwasifu Waafrika na mila zao, kinyume cha waliotukuza Ufaransa. Jarida hilo liliitwa Les Griots, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa daktari kijana, François Duvalier. Maneno yake yalikuwa kama yetu: heshima ya mtu mweusi, utamaduni wa wananchi, aibu ya kuiga wageni. Mwaka 1957 akawa rais. Mwaka 1964 akajifanya rais wa maisha. Askari wake wa siri waliua watu kwa maelfu, naye alipokufa mwaka 1971 akamrithisha mwanawe, aliyetimuliwa mwaka 1986.

Waandishi hawakusalimika. Jacques Stephen Alexis, mwandishi wa riwaya ya Compère Général Soleil ya mwaka 1955, alirudi nchini kwa siri mwaka 1961, akakamatwa na kuuawa. Marie Vieux-Chauvet alitoa kitabu chake Amour, Colère et Folie mjini Paris mwaka 1968. Kilizuiwa kisienee kwa hofu ya yatakayowapata jamaa zake, naye akafia uhamishoni New York mwaka 1973.

Basi somo ni kuwa sifa za Uafrika peke yake hazimlindi mtu. Fimbo ya ukoloni ikipakwa rangi ya taifa, ni fimbo ile ile. Kinachomlinda mwananchi ni haki yake ya kusimama barazani na kuuliza. Sisi wenye chama tukiogopa swali la fedha za maji, tutaogopa na kitabu. Na anayeogopa kitabu amekwisha anza safari ya Duvalier, hata kama hatua yake ya kwanza ni fupi.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wako wanaosema: vitabu vyetu wenyewe hatujavisoma, vya Haiti vya nini? Neno lao lina haki, nasi twalijibu hivi: visomwe pamoja. Tulipomaliza kitabu cha Roumain, wasikilizaji wenyewe ndio walioomba utenzi wa Hemedi. Jirani akikuonyesha picha ya babu yake, nawe huikumbuka ya babu yako iliyo sandukuni.

Wengine wanasema kazi ya chama ni siasa, si hadithi. Hao wamesahau historia ya nchi yetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Mwaka 1972 kitabu cha Walter Rodney juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam pamoja na kampuni ya London iliyojiita Bogle-L'Ouverture, kwa kumbukumbu ya Toussaint. Mwaka 1978 kitabu cha Frantz Fanon wa Martinique kilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Nchi iliyoyaweza hayo ikiwa haina fedha haiwezi kusema leo kuwa kufasiri kumeishinda.

LA KUFANYA

Twaleta maombi matatu. La kwanza, kila tawi la pwani hii litenge jioni moja kwa wiki ya kusoma kwa sauti, mahali ambapo wanawake, wavuvi na wakulima wanaweza kufika, na msomaji akae pamoja na watu, asisimame mbele yao. La pili, chama kiwaombe wenye kujua Kifaransa na Kikreoli wafasiri vitabu vya Haiti kwa Kiswahili moja kwa moja, kwa idhini ya wenye vitabu na kwa malipo ya haki, kuanzia na hicho cha Roumain. Daftari zetu za usiku ni ngazi ya kupandia tu, si nyumba. La tatu, na hili ndilo zito, kiongozi wa tawi ahudhurie na asiwe na ruhusa ya kufunga mazungumzo kwa sababu ya swali lililomhusu yeye.

Askari wa Kenya walikwenda Haiti na bunduki, nasi hatuna uwezo wa kuihukumu kazi yao kutoka hapa. Lakini bunduki haimjulishi mtu kwa mwenziwe. Ndugu wa kilwa na Msumbiji waliopotelea ng'ambo wametuletea habari kwa njia ya vitabu. Zimefika kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, zingali zimefungwa. Tuzifungue kwa lugha yetu, jioni, barazani, kila mtu akisikia.

Mzee mvuvi amekwisha tuuliza kitabu kinachofuata ni kipi. Tumemjibu kuwa ni cha Danticat, na kwamba kurasa za kwanza zitakuwa tayari Ijumaa.